Kibiti Tulikuwa na Ukumbi wa Vindege

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya adhuhuri, nikarudishwa baada ya alasiri. Nilikuwa kibarua wa useremala kwenye ghala la korosho ambalo chama cha ushirika kilikuwa kinalijenga Dimani. Niliona safu ya matundu juu ya ukuta, chini kidogo ya paa, nikadhani waashi wameyasahau. Kwetu tundu ukutani ni njia ya panya na nyoka. Nikakanda udongo, nikapanda ngazi, nikaanza kuziba kwa bidii ili nionekane mtu wa kazi. Mkaguzi wa Majengo akanikuta huko huko juu.

"Nani kakutuma kuziba?"

"Hakuna, mzee. Nimeona pako wazi."

"Shuka. Nenda kwenu."

Waashi ndio walioniombea. Aliponirudisha alinikalisha juu ya matofali akanipa somo ambalo nimelibeba maisha yangu yote ya kazi. Korosho ghafi, alisema, hata ikianikwa vipi, bado inatoka jasho. Ukiirundika kwenye nyumba isiyopitisha hewa, jasho lile linageuka ukungu, na msimu mzima wa mkulima unaishia jalalani. Ndiyo maana ghala lina matundu ya chini ya kuingiza hewa baridi na matundu ya juu ya kutoa hewa moto, na magunia hayalali sakafuni, yanapangwa juu ya chaga za mbao. "Wewe usijione seremala," akaniambia. "Wewe ni mtu wa kupitisha hewa. Mengine yote ni mapambo." Yule mzee alikuwa mkali na hakuwahi kunisifu hata siku moja, lakini wakubwa wote waliomfuata sikuona aliyemfikia kwa kuijua kazi.

Basi nikawa mtu wa kupitisha hewa. Kutoka Dimani nilipelekwa Ruaruke, kutoka Ruaruke nikashushwa deltani kujenga vihenge vya mpunga juu ya nguzo za mikoko, maana huko maji huingia mpaka uvunguni. Nilijifunza kufunga kenchi, yale mapembetatu ya mbao yanayobeba paa, kwa kuchagua kila mbao na kuigonga kwa kidole niisikie inavyolia. Ninyi mnaosomea ufundi sasa mnanunua kenchi za chuma zikiwa tayari, mnazikaza kwa boliti, mnapiga picha, mnasema mmejenga. Sawa. Kila zama na watu wake, na mimi zama zangu nimeshazimaliza.

Ikaja miaka ya ruksa. Biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao, wakawa wanapimia korosho barabarani kabla hazijafika kwa ushirika. Mimi siasa zake siziwezi, nasema nilichokiona: ghala letu kubwa la Kibiti, lenye paa refu kuliko jengo lolote njia nzima ya kusini tuliyoijua, lilibaki tupu. Popo wakahamia. Mafundi wachache wa ushirika tukachukuliwa na idara ya ujenzi ya wilaya, na kazi niliyopewa ni kuyatunza maghala yasiyo na kitu. Nilikuwa nafagia, nakaza misumari, nafunga mlango, narudi nyumbani. Mtu wa makamo mwenye ufundi wake mkononi akipewa kazi ya kufagia utupu, inamchoma. Mimi ilinichoma.

Mwalimu Mwanahawa alinikuta katika hali hiyo. Alikuwa mwalimu wa sayansi na stadi za kazi katika shule ya msingi pale Kibiti, mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kukata tamaa. Alikuja ghalani na kisanduku cha kadibodi amekishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, fundi. Naomba unifungulie mlango, halafu unifungie tena nikiwa ndani."

"Marahaba. Kuna nini humo?"

"Kuna ndege."

Nilidhani ni kanga au njiwa. Akafungua kisanduku, na ndani mlikuwa na kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka natabasamu, na mimi si mtu wa kutabasamu hovyo. Kilikuwa kindege cha vijiti vilivyopasuliwa kutoka kwenye ganda la bua la mtama, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Mabawa yalifunikwa kwa ile nailoni laini inayofungiwa mashati mapya ya dukani. Mbele kilikuwa na pangaboi la kuchonga, na tumboni mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli hadi ukawa kama uzi. Unausokota mpira ule kwa kuzungusha pangaboi, unakiachia, na mpira ukijisokotoa kindege kinakwenda.

Alikiachia. Kilipanda polepole, polepole kuliko mtu anayetembea, kikazunguka chini ya kenchi zangu. Halafu kikapita mbele ya yale matundu ya juu, upepo ukakikamata, ukakibamiza ukutani. Vijiti vikaanguka kimoja kimoja. Mwalimu akaviokota, akavirudisha kisandukuni.

Akanieleza shida yake. Vindege vya aina ile ni vya kurushwa ndani ya nyumba tu, kwa sababu nje hata pumzi ya mtu inavisukuma. Darasani kwake hakuwezekani: paa fupi, madirisha hayana vioo, na Kibiti upepo wa kutoka mtoni haukosekani. Alitaka nyumba ndefu ambayo hewa yake imesimama, watoto wa shule zote za jirani waje kurusha na kushindana. Alikwisha zungumza na Afisa Elimu, na Afisa Elimu amekubali ghala litumike kwa kuwa halina kazi.

"Fundi, unaweza kuisimamisha hewa?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Maisha yangu yote nimelipwa kuipitisha.

Lakini aliyejua hewa inapitia wapi ndiye ajuaye pa kuikamata. Nilianza na matundu. Ya chini niliyajenga kwa matofali na kupiga lipu. Ya juu niliyaziba kwa mbao na magunia yaliyochovywa kwenye chokaa. Mlangoni nilitengeneza chumba kidogo chenye mapazia mawili ya turubai, ukiingia unafunga la nyuma kabla hujafungua la mbele, ili upepo usiingie pamoja nawe. Kina mama wa mtaani walinishonea magunia yaliyofumuliwa, nikayatandaza chini ya kenchi yawe dari, kwa sababu kindege kikinasa kwenye kenchi kimekufa. Kuta tukazipaka chokaa nyeupe ili vionekane vizuri.

Hapo bado likabaki jua. Bati likipata moto, hewa iliyo chini yake huchemka na kupanda, na vindege vinayumba kama walevi. Dawa yake niliijua: makuti. Nikapandisha makuti juu ya mabati, paa zima. Bwana Mipango, ofisa wa wilaya aliyeshika mambo yote ya majengo na viwanja, alipopita na gari akasimama katikati ya barabara.

"Fundi Selemani! Watu wanatoa makuti waweke bati, wewe unaweka makuti juu ya bati? Unataka wageni watuone vipi?"

"Kupunguza joto, bwana."

"Umelivalisha ghala kanzu juu ya koti. Haya, tutaona mwisho wake."

Alicheka, na dereva wake akacheka kwa kuwa bosi amecheka. Nilikasirika, nikaendelea kuezeka.

Kujua kama hewa imesimama kweli kulitaka kipimo, na kipimo tulichokuwa nacho ni ubani. Mwalimu alileta chetezo kutoka nyumbani kwake. Unaweka kaa la moto, unatupia ubani kidogo, unakiweka katikati ya ukumbi, kisha unautazama moshi. Ukipanda umenyooka, hewa imelala. Ukipinda, unaufuata unakoelekea, na huko utakuta ufa. Nilifukuzana na nyufa zile kwa ubani mpaka nguo zangu zikawa zinanukia kama za bwana harusi, mke wangu akaniuliza mara mbili ninakotoka.

Tulirusha siku za Alhamisi alasiri, jua likiwa limelegea na watoto wametoka shule. Viatu vilivuliwa nje, kwa sababu vumbi likitimka linakaa kwenye mabawa. Hakuna kukimbia, hakuna kupiga makofi, hata kupenga kamasi ni nje. Sasa fikirieni mtu wa Kibiti anayepita barabarani Alhamisi alasiri. Anaona viatu vimepangwa mlangoni. Anasikia ubani. Ndani kimya. Atafikiri nini?

Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Athumani, jirani wa ghala, mzee wa msikitini aliyekuwa hakosi msiba wala harusi. Aliingia na kofia yake, akaketi chini, akaninong'oneza.

"Nani katutangulia?"

"Hajafa mtu, mzee wangu."

"Sasa khitima ya nani?"

"Si khitima. Tunatafuta upepo."

"Upepo unatafutwa ndani ya nyumba?"

Kabla sijamjibu, msichana mmoja wa darasa la sita akaachia kindege chake. Kilipaa, kikazunguka, kikazunguka tena, kikashuka mbele ya miguu ya mzee kama kimetumwa. Mzee Athumani akabaki amekishika kifua chake. "Mashaallah," akasema. "Mashaallah, wanangu." Alhamisi iliyofuata alikuja na wenzake. Kisha wakaja kina mama na mikeka yao, wakaketi upande wao, wanaume upande wao, kama ilivyo desturi, hakuna aliyewapanga. Walijua kukaa kimya kuliko sisi tuliotunga sheria ya kukaa kimya. Wapo waliokuja na tende na kahawa, wakala na kunywa nje baada ya kumaliza.

Shule za Ruaruke na Dimani zikaanza kuleta watoto. Mwalimu akawa anazungumzia mashindano ya mkoa mzima, na kuzifundisha shule nyingine kuziba maghala yao matupu wapate kumbi kama wetu. Nami niseme wazi: niliutaka ukumbi ule ubaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kazini. Nimejenga maghala mengi, na hakuna mtu aliyewahi kuingia ghalani kwangu akakaa chini afurahi. Watu huingia ghalani kuweka mzigo na kutoa mzigo. Pale watu walikuja kutazama hewa yangu.

Alhamisi ile Bwana Mipango alikuja na mgeni kutoka mkoani, na nyuma yao pikapu ya mnunuzi wa korosho aliyetoka Dar es Salaam. Nilikuwa nje nikirekebisha pazia, nikamwona mnunuzi yule, kabla hajatusalimia, anaupima mlango kwa kuunyooshea mikono, kisha anatazama nyuma kama anakadiria lori litakavyogeuka. Niliiona hiyo kwa macho yangu. Halafu ndipo wakavua viatu kama wenzao, wakaingia.

Mlikuwa na watu tele siku hiyo. Chetezo katikati, moshi umenyooka, watoto wameshika vindege wanangoja zamu. Mgeni wa mkoani alisimama, akatazama wanaume upande huu na wanawake upande ule, akauliza kwa sauti ya chini, "Hapa kuna shughuli gani?"

Mwalimu alifungua mdomo ajibu, lakini Mzee Athumani alikwisha simama. Mgeni wa serikali ameingia mahali penye wazee, na mzee aliyelelewa vizuri hamwachi mgeni asimame bila kuombewa heri. Hajui namna nyingine. "Karibuni, karibuni sana," akasema. "Tuko katika kheri." Akanyanyua mikono, akaanza kuwaombea dua: Mungu awape afya, awape busara, awarudishe salama kwa watoto wao. Ukumbi mzima ukainua mikono. Amin. Watoto na vindege vyao wakasema amin. Nami nikasema, maana dua haikatai mtu. Bwana Mipango naye alisema amin, nilimsikia, alikuwa karibu nami.

Mgeni akapangusa uso, akashukuru, akatoka. Hakungoja kuona hata kindege kimoja.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisini pamoja na Mwalimu. Bwana Mipango hakutukaribisha viti.

"Mali ya umma imegeuzwa msikiti," akasema.

Mwalimu akamweleza: ubani ni wa kupimia hewa, viatu ni kwa ajili ya vumbi, wazee walikuja wenyewe kutazama. Alieleza kwa utaratibu kama anafundisha darasa la tatu.

"Mwalimu, mimi nimeona kwa macho. Mgeni kaona. Serikali haina dini."

Nikashindwa kujizuia. "Bwana Mipango, hata wewe uliitikia amin."

Akanitazama. "Niliitikia kwa adabu."

"Na wazee nao walikuja kwa adabu."

"Fundi, ghala lina mpangaji. Ni jengo la korosho, linarudi kwenye korosho. Msimu unakaribia. Matundu yale uyafungue."

Tulikwenda kwa Afisa Elimu, aliyetupa ruhusa mwanzoni. Alitusikiliza akiwa anapanga na kupangua kalamu mezani, akasema mambo ya majengo hayako kwake. Wazee wakiongozwa na Mzee Athumani wakaenda wilayani kueleza kwamba kosa ni lao, wao ndio walioligeuza jambo la shule kuwa shughuli. Waliambiwa wamesikilizwa, warudi nyumbani. Mzee yule alikuja kwangu akalia, mtu mzima na kofia yake mkononi. "Nimewavunjia watoto nyumba yao kwa dua, Selemani." Nilimwambia si yeye, mlango ulikwisha pimwa kabla hajanyanyua mikono. Hakukubali. Alikufa akiamini ni yeye, na hilo pia namdai Bwana Mipango.

Nikapanda ngazi. Ningeweza kukataa, wangemtuma kibarua mwingine, naye angebomoa ovyo na kuta zingepasuka. Kwa hiyo nilifanya mwenyewe. Niliyafungua matundu ya chini na ya juu, nikasafisha kingo zake, nikatoa dari la magunia, nikashusha makuti. Tangu tundu la kwanza kufunguka niliusikia upepo umeingia, chokaa ikaanza kupeperuka. Mnunuzi alipanga magunia yake, akanisifu kwamba ghala linapumua vizuri sana. Baada ya misimu michache bei ikamgeuka, akaondoka, na ghala likabaki tupu tena. Hakuna aliyekuja kuniambia nilizibe upya.

Mwalimu Mwanahawa walimhamishia deltani, kwenye shule ya kisiwani ambako upepo haulali saa zote za mchana. Aliendelea kufundisha, akastaafu huko, na tulipoonana baadaye aliniambia hakutengeneza tena kindege hata kimoja. Alisema hivyo huku anacheka, kwa kuwa ndiyo kawaida yake. Mimi sikucheka.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi. Nilijenga madarasa, zahanati, vyoo vya shule, nyumba za watendaji. Niliwatumikia wakubwa wengi, wengine wema, wengine wa kupita tu. Siku ya kuniaga walipika pilau, wakanipa baiskeli na sanduku la bati, wakasoma orodha ya majengo niliyojenga. Nilipoambiwa niseme neno, nilisema kuwa jengo lililonipa furaha kuliko yote lilikuwa nyumba isiyo na upepo, ya kurushia ndege zenye uzito wa unyoya. Wageni walicheka sana. Walidhani mzee anawachangamsha. Hata wanangu walicheka.

Vijana wa ufundi huniuliza nina ushauri gani. Ninao mmoja: mkijenga kitu chema, msidhani wema wake utakilinda. Tafuteni mapema mtu mwenye nguvu atakayekiona kuwa ni chake. Sisi tulikuwa na watoto, kina mama na wazee, na hao wote kwa pamoja hawakutosha. Nasema kwa uchungu kwa sababu ninao, na sioni sababu ya kuuficha kwa kuwa nimezeeka.

Mwaka juzi nilikwenda kupima presha, nikamkuta Bwana Mipango kwenye benchi la kungojea. Amepungua, anatembelea mkongojo. Alinifahamu upesi.

"Fundi Selemani! Bado upo?"

"Nipo, bwana. U mzima?"

"Tunasogea. Tulifanya kazi sisi, eh? Hawa wa sasa hawajui kitu."

Maneno niliyokuwa nimeyapanga miaka yote yakanijaa mdomoni. Nikamuuliza kwa upole kuliko nilivyokusudia, "Ule ukumbi wetu, bwana, ulituchukulia kwa nini?"

"Ukumbi gani?"

"Wa Kibiti. Wa vindege vya watoto. Mwalimu Mwanahawa. Ile siku ya dua."

Alifumba macho akatafuta. Alitafuta kweli, niliona anavyojitahidi, maana alitaka kunipa jibu. Mwisho akatikisa kichwa. "Pale palikuwa na ghala la korosho, fundi. Ghala zuri. Ukumbi hapajawahi kuwa."

Nilimtazama usoni nikitafuta hila. Haikuwapo. Muuguzi akaita jina lake, akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama, nikamsaidia. Nimeibeba hasira juu ya mtu huyu tangu nina nguvu zangu mpaka mvi zimenijaa, kumbe katika sisi wawili niliyekuwa nayo ni mimi peke yangu.